Barua ya Daniel Antonio: akina Routledge kisiwani Rapa Nui, 1914–1915

Bibi Angata alimshika mkono Katherine Routledge karibu muda wote waliozungumza. Alikuwa mzee aliyekwisha mwili, mvi kichwa kizima, lakini macho yake yalimvuta mtu, na shingoni alivaa medali ya kidini. Binti yake, aliyekuwa akimshikilia asianguke, alibeba picha ndogo ya Yesu ndani ya fremu. Bibi alimwita mgeni wake "Caterina". Mgeni alikuwa amekuja na ombi: watu waache kuswaga na kuchinja mifugo ya kampuni. Bibi Angata akakataa. Mungu alikwisha sema naye ndotoni kwamba kisiwa ni cha wenyewe, na kwamba wanyama wachinjwe watu wale.

Hayo yalitokea katikati ya mwaka 1914 katika kisiwa cha Rapa Nui, ambacho ramani nyingi hukiita Kisiwa cha Pasaka. Katherine alikuwa Mwingereza wa miaka 47, amesoma historia Oxford, na amefika pale na mumewe, William Scoresby Routledge, kwa chombo chao wenyewe, kuchunguza masanamu makubwa ya mawe na watu ambao mababu zao waliyachonga.

Kisa chao husimuliwa zaidi kama kisa cha mke na mume watafiti waliokutwa na Vita Kuu ya Kwanza mbali na kwao. Manowari za Kijerumani zina nafasi kubwa katika masimulizi hayo, nami nitazifikia. Lakini kila ninapokisoma upya narudi kwenye mkono ule ulioshikwa. Kwa maoni yangu, vita vilivyowahusu wenyeji mwaka ule vilianza tarehe 30 Juni, siku 35 kabla Uingereza haijaingia vitani. Akina Routledge walikaa katikati ya vita hivyo, wakavisimulia kwa kirefu, na bado wakaviona kama tatizo la usalama tu. Hapo ndipo penye funzo kubwa kwa yeyote anayefanya utafiti wa nyanjani kati ya watu walionyang'anywa.

Kabla ya bahari, Nyeri

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuwafahamu watu hawa. Walioana 1906, na mwaka huohuo wakaenda Nyeri kuishi kati ya Wagikuyu, wakakaa hadi 1908. Scoresby, aliyezaliwa Australia mwaka 1859, alikuwa ameishi huko hata kabla ya ndoa. Kazi waligawana kwa namna iliyowajia wenyewe: mume alijishughulisha zaidi na ufundi, jinsi chuma kinavyoyeyushwa na kufuliwa, jinsi vitu vinavyotengenezwa, mke aliketi na wanawake, akauliza habari za ndoa, ibada na hadithi. Kitabu chao cha mwaka 1910 juu ya Wagikuyu kina majina yote mawili, na Katherine aliongeza hapo jina la kwao, Pease, ukoo wa matajiri wa Darlington. Jina hilo tulishike, tutalihitaji mwishoni.

Jambo jingine la Nyeri halisemwi sana. Waingereza walikuwa wameweka boma pale mwaka 1902, na miaka michache iliyofuata majeshi yao yalipita vijijini yakichoma na kuswaga mifugo. Kwa hiyo mtafiti mweupe aliyepiga hema mwaka 1906 alikuta utulivu ambao si yeye aliyeulipia. Angeweza kuuliza maswali asubuhi hadi jioni bila hofu, na akadhani kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kazi. Naamini mazoea hayo waliyachukua Nyeri wakaenda nayo Rapa Nui. Walijua kumsikiliza mwenyeji kwa makini kuhusu mambo ya zamani, ila hawakuzoea kumsikiliza anapodai kitu leo.

Safari ya pili ilitengenezwa kwa fedha ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka kwenye urithi wa Katherine. Waliunda chombo cha matanga huko Whitstable, urefu wa mita 27 hivi, wakakiita Mana. Si mana ile ya jangwani tuijuayo kutoka Biblia. Ni neno la Kipolinesia lenye maana ya nguvu isiyoonekana inayokaa ndani ya mtu au kitu. Waling'oa nanga Falmouth tarehe 25 Machi 1913. Jeshi la Majini liliwaazima Luteni Ritchie kwa ajili ya upimaji. O. G. S. Crawford, kijana ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika akiolojia, alishindwa kuelewana na wenye chombo, akateremka njiani. Mwanajiolojia waliyemchukua aliugua Amerika Kusini, hakufika kisiwani. Mwaka mzima ulipita baharini na bandarini, na tarehe 29 Machi 1914 wakakiona kisiwa.

Kisiwa walichokikuta

Rapa Nui ina kilomita za mraba 164 hivi, yaani kama moja ya kumi ya Unguja. Pwani ya Chile iko zaidi ya kilomita 3,500 upande wa mashariki. Katika eneo hilo dogo kuna mamia ya moai, masanamu ya mawe, na mengi yalichongwa katika mwamba wa mlima mmoja uliozimika volkano yake, Rano Raraku. Ukipanda pale unakuta yaliyokamilika yamesimama mteremkoni, yamezikwa na udongo hadi kifuani au shingoni, na juu yake yapo ambayo mgongo bado haujaachana na mwamba, kana kwamba mafundi wameenda kula.

Watu hawakuwa wengi tena kama masanamu. Mwaka 1862 na 1863 meli za watekaji watumwa zilitoka Peru zikachukua zaidi ya watu 1,000, wakiwemo wataalamu waliojua kusoma maandishi ya kisiwa, rongorongo. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Mwaka 1877 walihesabiwa watu 111 tu. Chile ilikitwaa kisiwa 1888, kisha ardhi ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara wa Valparaíso, Enrique Merlet, na baada yake kampuni ikaigeuza karibu yote ranchi ya kondoo. Wenyeji, wapatao 250 wakati wa akina Routledge, walikusanywa Hanga Roa nyuma ya ukuta wa mawe. Kutoka kwenda upande mwingine wa kisiwa cha babu zao kulihitaji ruhusa.

Ruhusa hiyo ilitolewa na meneja wa ranchi, Percy Edmunds, aliyekaa Mataveri. Na hapo Mataveri, nyumbani kwa meneja, ndipo akina Routledge walipofikia kabla ya kupeleka kambi yao Rano Raraku.

Kufikia kwa mtu si kosa. Pengine hapakuwa na nyumba nyingine ya kuwapokea, na Edmunds aliwasaidia kwa mengi. Lakini kila mtu aliyewahi kukusanya simulizi vijijini anajua kwamba watu hawaangalii tu unauliza nini. Wanaangalia umelala wapi jana, farasi unayempanda ni wa nani, na ukimaliza kuandika unaenda kunywa chai kwa nani. Mzee wa Hanga Roa aliyemwona Katherine anashuka kutoka Mataveri na daftari mkononi alikuwa na haki ya kujiuliza maneno yake yangefika masikioni mwa nani kabla ya jioni.

Katika hali hiyo, aliyewafungulia mlango alikuwa Juan Tepano, mwenyeji aliyewahi kutumika katika jeshi la Chile. Alijua Kihispania, akajua wazee gani wana nini vichwani, na akaweza kumweleza Katherine jambo kwa mchanganyiko wa lugha mpaka likaeleweka. Mama yake, Viriamo, alikuwa mkongwe aliyekumbuka mambo ya zamani sana. Nikiisoma kazi ya Katherine naona kwamba nusu ya kile tunachokiita utafiti wa Routledge ni utafiti wa Tepano. Yeye ndiye aliyechagua waulizwe akina nani. Miaka 20 baadaye, wanaanthropolojia wengine walipofika, waliongozwa na Tepano huyohuyo.

Tarehe 30 Juni

Siku hiyo Bibi Angata, akifuatana na wanaume wawili, alikwenda Mataveri kwa Edmunds. Alikuwa mkatekista tangu zamani, na maneno aliyosema yalikuwa ya ndoto: Mungu amemwonyesha kwamba Merlet hayupo tena, kwamba kisiwa ni cha wenyeji, na kwamba kesho watachukua ng'ombe wafanye karamu. Baadaye siku hiyohiyo ikaletwa barua yenye sahihi ya Daniel Antonio wa Hanga Roa.

Barua ile haina ndoto ndani yake. Ni hoja ya ardhi, tena imepangwa. Inasema mifugo na mali yote iliyoko ranchini ni yetu, tulipewa tangu mwanzo na Askofu wetu Tepano. Inasema kesho tunakwenda kuchukua wanyama wa karamu. Inauliza ni nani aliyempa Merlet wanyama, na ni nani aliyempa ardhi, maana huo ni wizi mkubwa: walichukua miliki yetu, wala hawakulipa fedha, bidhaa, wala kitu kingine chochote. Halafu inaagana na msomaji kwa adabu, "rafiki yako".

Kesho yake walitoka na farasi, wakaswaga ng'ombe, wakachinja, wakala. Wakarudia siku nyingine, na nyingine tena. Wageni wa kisiwa walikuwa wachache mno kuweza kuwazuia, na Mana haikuwapo. Ilikuwa imeelekea Chile. Kwa wiki tano hivi, watu waliokuwa wamefungiwa nyuma ya ukuta walipita ukuta, wakala nyama ya nchi yao.

Hapo ndipo Katherine alipokwenda kwa Bibi Angata. Tumtendee haki. Alikwenda bila bunduki wala amri, mwanamke kwa mwanamke, na kuiandika ziara ile kwa ukweli wote, mkono, medali, fremu na macho, mpaka leo tunamwona Angata kana kwamba ameketi mbele yetu. Alikiri kwamba alivutiwa naye. Jicho lake la utafiti lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Ila alikuwa amekwenda kama mjumbe wa Mataveri, na swali lake lilikuwa la Mataveri: mtaacha lini? Hakuna mahali ninapoona amemfungulia Bibi Angata daftari kama alivyowafungulia wazee wengine, akamwambia, nieleze ardhi ya ukoo wako ilikuwa wapi, ilichukuliwaje, nani alikuwapo. Na huyo ndiye mtu ambaye Hanga Roa nzima ilikuwa ikimfuata wakati ule. Mtafiti wa dini za kale alimpata nabii aliye hai, akaenda kumwomba anyamaze.

Manowari ya mafunzo ya Chile, General Baquedano, ilitia nanga tarehe 5 Agosti. Viongozi wachache wakakamatwa, wengi wao wakaachiwa, Daniel akachukuliwa. Karamu zikaisha. Bibi Angata alikufa miezi michache baadaye.

Angalia tarehe. Uingereza ilikuwa imetangaza vita dhidi ya Ujerumani jana yake, tarehe 4. Pale ufukweni, kati ya Wachile, Waingereza na wenyeji, hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua.

Wajerumani

Tarehe 12 Oktoba kisiwa kiliamka na kukuta manowari za Admirali Maximilian von Spee zikijikusanya: Scharnhorst, Gneisenau, Nürnberg, Leipzig na Dresden, pamoja na meli za makaa ya mawe. Kwetu, wiki tatu kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, Königsberg ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, halafu ikajificha delta ya Rufiji. Zanzibar nzima ilisikia mizinga ile. Rapa Nui haikuwa imesikia lolote. Maofisa wa Kijerumani walishuka, wakaomba nyama, Edmunds akawauzia, na habari za vita wakazimeza. Siri ilivuja kupitia Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi kisiwani na shamba la tumbaku. Mwingereza alikuwa tayari amewalisha mabaharia waliokuwa njiani kwenda kuwaua Waingereza wenzake.

Hofu kubwa ya Katherine na Scoresby ikawa juu ya Mana. Chombo kile kidogo cha matanga kilikuwa Chile, na siku yoyote kingeweza kutokeza upeoni, bendera ya Uingereza mlingotini, kikaingia moja kwa moja kinywani mwa manowari tano. Hawakuwa na njia ya kukionya. Manowari zikaondoka tarehe 18. Tarehe 1 Novemba, mbali na pwani ya Coronel huko Chile, kikosi hicho kiliwazamishia Waingereza Good Hope na Monmouth, na watu wapatao 1,600 wakafa. Tarehe 8 Desemba, karibu na visiwa vya Falkland, von Spee mwenyewe aliangamia pamoja na wanawe wawili na meli zake zote kubwa.

Baadaye mwezi huohuo ikaja meli nyingine ya Kijerumani, Prinz Eitel Friedrich, ikiwa na meli ya Kifaransa iliyoitekea makaa yake. Ikashusha ufukweni mabaharia karibu 50, Wafaransa na Waingereza waliokuwa mateka, ikaondoka kabla ya mwaka mpya. Kwa hiyo kisiwa chenye watu 250 kikapata midomo 50 mipya ya kulisha, watu wasio na chochote ila nguo walizovaa.

Ukitazama haya yote kutoka Hanga Roa, unaona kitu kimoja. Agosti, mwenyeji aliyechinja ng'ombe wa kampuni alikamatwa kama mwizi. Oktoba, adui wa taifa la meneja aliuziwa nyama ileile, kwa heshima zote za biashara.

Wakati huohuo kule Nyeri, watu wale walioandikwa katika kitabu cha 1910 walianza kuchukuliwa mizigoni. Katika vita vya Afrika Mashariki, wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu; jina la kikosi chao ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Ndiyo maana siwezi kukisoma kisa hiki kama cha mbali.

Mzee Tomenika

Kuna mahali Katherine alifanya kila kitu sawasawa, na napenda kukaa hapo.

Kaskazini ya Hanga Roa kulikuwa na makao ya wagonjwa wa ukoma. Mmoja wao, mzee aliyeitwa Tomenika, alisemekana kuwa wa mwisho aliyejifunza sehemu ya maandishi ya zamani. Yapo mabao machache tu ya rongorongo duniani, karibu yote katika makumbusho ya mbali, na hadi leo hakuna aliyeweza kuyasoma kwa uhakika. Katherine aliposikia kwamba yupo mtu hai mwenye chembe ya elimu hiyo, alikwenda. Mzee alichora alama kwenye karatasi, akatamka maneno. Katherine akarudi tena. Maneno yalikuja vipande vipande, mengine Tepano na wazee wengine hawakuyaelewa. Mara ya mwisho alimkuta mzee hana nguvu tena; hakupata kitu. Haikupita hata wiki mbili, Tomenika akafa.

Karatasi zile hazikutegua fumbo la maandishi. Lakini tazama hali ya mambo: vita duniani, chombo hakijulikani kilipo, nyumbani hakuna barua, na mtu anapita kwenye majani kwenda kwa mgonjwa ambaye wengine humkwepa, kwa sababu anajua kwamba mlango ule ukifungwa haufunguliwi na mtu mwingine yeyote. Huko ndiko kuheshimu elimu ya mtu.

Kuhusu masanamu, walipata zaidi. Walichimba kuzunguka zaidi ya 20 pale Rano Raraku, wakakuta migongoni alama zilizochongwa, mkanda na duara, zilizokuwa zimelindwa na udongo. Wazee nao, kwa swali la Katherine, walimsimulia juu ya sherehe za watoto huko Orongo, ambapo mtoto alichorwa duara mgongoni mfano wa sanamu mashuhuri lililochukuliwa na meli ya Kiingereza mwaka 1868 na kuwekwa London. Ghafla jiwe na mwili vikawa vinasema lugha moja. Wasomi wengi wakati ule walipenda kudhani kwamba masanamu ni kazi ya taifa jingine lililotoweka, na kwamba watu wa Hanga Roa hawahusiki nayo. Duara lile mgongoni lilikuwa jibu zito: waliochonga ni babu za hawahawa walio nyuma ya ukuta. Akakusanya pia majina 86 ya watu waliowahi kuwa tangata manu, mtu-ndege wa mwaka, cheo cha ibada kilichoshindaniwa kila mwaka, kama wazee walivyoyakumbuka.

Hapa ndipo ndoa yao ilipozaa matunda. Koleo peke yake lingeonyesha duara bila maana, na maswali peke yake yangebaki sherehe isiyo na ushahidi. Na hapa vita, kwa namna isiyotarajiwa, vilisaidia. Chombo kilikwenda na kurudi kwa shida, watu hawakuweza kuondoka walipotaka, na kukaa kukazidi miezi 16. Wazee hawasemi mambo mazito mwezi wa kwanza. Mengi ya thamani katika madaftari yale yalitoka kwa watu waliokwisha mzoea, baada ya kumwona amepita nao njaa ya habari, hofu ya manowari na msimu mzima wa mvua.

Baada ya kisiwa

Waliondoka Agosti 1915, wakapita Pitcairn, Tahiti, Hawaii na San Francisco, na Mana ikaingia Uingereza katikati ya 1916, vita bado vinaendelea. Kitabu cha safari kilitoka 1919. Maandishi ni ya Katherine kwa sehemu kubwa mno, wazee ni wake, fedha zilikuwa zake. Jaladani mwandishi ni "Mrs. Scoresby Routledge". Lile jina la Pease lililokuwapo 1910, hata Katherine lenyewe, halionekani. Ndiyo desturi ya wakati ule, wengi watasema, na ni kweli. Lakini desturi hiyohiyo ndiyo iliyofanya kwa miaka mingi watu wasijue ni nani hasa aliyeketi na Tomenika.

Aliahidi kitabu cha pili, cha kitaalamu, chenye ushahidi wote. Hakikutoka kamwe. Walikwenda Mangareva miaka ya 1920 kuendelea na utafiti, lakini ugonjwa wa akili uliokuwa ukimnyemelea Katherine tangu zamani ulizidi, na ndoa ikavunjika. Alijifungia nyumbani kwake London. Mwaka 1929 mumewe na ndugu wa Katherine walimpeleka kwa nguvu kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, na huko alikufa Desemba 1935. Scoresby alikufa Cyprus mwaka 1939. Madaftari yalitawanyika, na sehemu kubwa ikahifadhiwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia mjini London, ambako wasomi walikuja kuyapekua miongo mingi baadaye, wakakuta ndani yake sauti za wazee waliokufa zamani.

Sifurahii kuwahukumu watu walioteseka hivyo. Lakini kisa hakichambuliwi kwa huruma peke yake. Unaposhirikiana na mwenzi wako wa ndoa katika kazi ya namna hii, karatasi za watu wa tatu zinaingia ndani ya ndoa yenu, na ndoa ikivunjika zinavunjika nayo. Tepano, Viriamo na Tomenika hawakuwa wamekubali maneno yao yategemee amani ya nyumba moja ya London. Nakala moja ya madaftari ingeachwa Hanga Roa, kwa Tepano, ingetosha kubadili mengi. Hakuna aliyelifikiria hilo, na wengi wetu hata leo tunaondoka vijijini na rekodi zetu bila kuacha nakala.

Hata hivyo, katika kitabu kile cha 1919, ndani ya masimulizi ya vurugu za Juni, Katherine aliichapa barua ya Daniel Antonio. Hakuifupisha kwa maneno yake, wala hakuifanya kichekesho. Kwa uaminifu uleule wa kunakili alioutumia kwa Tomenika, alimwachia Daniel aseme, pamoja na swali lake la nani aliyempa Merlet ardhi.

Kampuni ilibaki kisiwani hadi 1953. Baada yake Jeshi la Majini la Chile likashika usukani, na wenyeji wakapata haki za uraia mwaka 1966.